Jioni ya kula Puebla: namna ya kuipanga na kuitembea, kituo kwa kituo

Wengi wanaoingia kwenye ziara ya chakula ya jioni mjini Puebla, Meksiko, hawafiki mwisho wakiwa na hamu. Kituo cha kwanza wanamaliza sahani nzima, cha pili wanakula nusu, cha tatu wanaomba maji. Tacos árabes (nyama ya mshikaki wima ndani ya mkate laini), ambazo pengine ndizo zilizowapeleka, wanaishia kuziangalia zikikatwa. Ziara nzuri ya Puebla ina vituo sita, huchukua saa nne na nusu hadi tano, na mwendo wake ni kilomita tatu na ushee. Miguu haisumbui mtu hapa. Kinachoharibu jioni ni vipimo vya chakula na mpangilio wa vituo, na vyote viwili hupangwa kabla ya kutoka hotelini.

Kabla ya siku yenyewe

Puebla iko mita zipatazo 2,135 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi ya Nairobi. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat atahema akipanda ngazi, na pombe itamlevya upesi kuliko alivyozoea. Ukifika kwa basi kutoka Jiji la Meksiko (kama saa mbili barabarani, hadi kituo kikuu kiitwacho CAPU), usiweke ziara jioni ileile. Lala kwanza, kunywa maji ya kutosha, ziara iwe kesho yake.

Siku ya ziara, kula mchana chakula chepesi na umalize kabla ya saa 8 mchana. Wenyeji hufanya kinyume: mlo wao mkubwa huwa kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, na usiku hula antojitos, yaani vitafunio vya mahindi na mkate vinavyouzwa mitaani na kwenye vijimgahawa. Wewe unakwenda kula hivyo vitafunio, kwa hiyo acha nafasi tumboni.

Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni. Beba koti la mvua badala ya mwavuli, maana mikono yote miwili itakuwa na kazi. Usiku ni baridi mwaka mzima, kwa hiyo sweta ni lazima. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, kwa kuwa mawe ya barabara za katikati ya mji yamelainika kwa kukanyagwa.

Pesa: noti za peso 20, 50 na 100. Mwuza chalupas (chapati ndogo za mahindi za kukaanga) akipewa noti ya 500 saa 12 jioni hana chenji, na kundi zima litasimama likimsubiri aliyekwenda kuitafuta. Kwenye mgahawa wa kukaa, bakshishi ni asilimia 10 hadi 15. Ya muongozaji ni kando, mwishoni, mkononi.

Kuchagua muongozaji

Muulize mambo manne kabla ya kulipa. La kwanza ni idadi ya watu. Wanane ndio mwisho mzuri. Kikaango cha mwuzaji kina nafasi yake, na kundi la kumi na tano maana yake ni kwamba waliopata mwanzo wamemaliza wakati wa mwisho bado wanangoja, na chakula cha mafuta kikipoa hakina ladha tena. La pili, kama ana kitambulisho cha mwongoza watalii kinachotolewa na Wizara ya Utalii ya Meksiko. La tatu, bei inajumuisha nini: vyakula vyote au vya kuonja tu, na vinywaji vimo au havimo. La nne, kama anaweza kubadilisha kituo kwa ajili ya asiyekula nguruwe au mwenye mzio wa karanga. Akijibu “hakuna shida” bila kukuuliza swali hata moja, tafuta mwingine. Kwa Puebla jambo hilo lina shida nyingi, na anayeujua mji atakuuliza.

Kuhusu nguruwe na mafuta yake

Sehemu hii isomwe kwa makini na kila Mwislamu na kila asiyekula nyama. Mafuta ya nguruwe, kwa Kihispania *manteca*, ndiyo mafuta ya asili ya jiko la Puebla. Chalupas hukaangwa ndani yake. Unga wa tamales, yaani mahindi yanayofungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke, hupigwa nayo. Maharage ya kuponda hukaangwa nayo, na mara nyingi hata mole, mchuzi mzito wa pilipili, huanza kwa kukaanga viungo humo. Baadhi ya biskuti zina manteca kwenye donge lake. Na tacos árabes, licha ya jina, ni nyama ya nguruwe.

Kuuliza “kuna nguruwe?” hakutoshi, kwa sababu mwuzaji atafikiria nyama na kukujibu hapana kwa moyo safi. Uliza maswali mawili: *¿Lleva cerdo?* (ina nguruwe?), halafu *¿Con qué grasa lo fríen?* (mnakaanga kwa mafuta gani?). Ukisikia *aceite*, ni mafuta ya mimea. Ukisikia *manteca*, pita. Nyama ya ng'ombe na kuku wa kawaida pia hawakuchinjwa kihalali, kwa hiyo anayeshika jambo hilo atategemea jibini, uyoga, viazi, mahindi na matunda. Jioni itamtosha akipangiwa vizuri: molotes (unga wa mahindi uliojazwa na kukaangwa) za jibini kwenye kikaango cha aceite, mahindi ya kikombe, peremende za viazi vitamu, na juisi.

Soma namba za barabara

Mji ulianzishwa mwaka 1531 ukapimwa kwa mistari iliyonyooka, na leo barabara nyingi za katikati hutajwa kwa namba. Zinazokwenda mashariki na magharibi ni *avenida*: namba shufwa ziko kaskazini ya uwanja mkuu, witiri ziko kusini. Mwishoni huongezwa Oriente (mashariki) au Poniente (magharibi). Zinazokwenda kaskazini na kusini ni *calle*: shufwa mashariki, witiri magharibi, na mwishoni Norte au Sur. Namba ya nyumba nayo inaongoza. Jumba la Casa de Alfeñique liko 4 Oriente 416, maana yake avenida ya 4, upande wa mashariki, na kwa kuwa namba iko kwenye mia ya nne, ni kati ya calle 4 na calle 6.

Kosa la kawaida ni kutaja namba bila neno la mwisho. 6 Oriente ni mtaa wa peremende, 6 Norte ni soko la kazi za mikono, 6 Sur inakupeleka Los Sapos, mtaa wa vitu vya kale. Mwambie dereva “seis” peke yake, akushushe popote.

Kituo cha 1, saa 11:30 jioni (17:30 kwa saa ya Meksiko): peremende, 6 Oriente

Kutana na kundi kwenye uwanja mkuu, Zócalo, upande wa Kanisa Kuu. Panda kaskazini barabara tatu hadi 6 Oriente, pinda kulia. Huu ndio mtaa wa peremende, ulio jirani na iliyokuwa nyumba ya watawa ya Santa Clara. Inaonekana ajabu kuanza na vitu vitamu, lakini maduka haya hufunga mapema kuliko wauza tacos. Nunua sasa, onja kidogo, nyingine weka mfukoni.

Camote ni kiazi kitamu kilichopondwa, kikapikwa na sukari hadi kikashikana, kikaviringishwa kama kidole kinene na kufungwa kwa karatasi ya nta. Kibonyeze taratibu: kizuri ni laini na kinarudi, kilichokaa sana kina ganda la sukari linalovunjika. Tortita de Santa Clara ni biskuti ya duara yenye kingo zilizokunjwa na krimu nyeupe ya mbegu za maboga juu. Jamoncillo nayo hutengenezwa kwa mbegu za maboga. Borrachitos zina pombe ndani, hata zikionekana kama peremende za watoto. Rompope ya chupa ni maziwa, mayai, sukari na pombe.

Kipimo: nusu tortita na kipande cha camote kwa mtu. Zaidi ya hapo sukari itaua hamu ya kila kinachofuata.

Mtaani humohumo, namba 206, iko nyumba ya ndugu Serdán, ambako risasi za Mapinduzi ya Meksiko zililia tarehe 18 Novemba 1910. Matundu yake bado yako ukutani, na mtu anayaona akipita tu barabarani.

Kituo cha 2, saa 12:30 jioni: chalupas, San Francisco

Endelea mashariki hadi Barrio del Artista, mtaa wa wasanii, kwenye 8 Norte, kisha uvuke barabara kubwa ya Héroes del 5 de Mayo. Chini ya lami hiyo unapita mto San Francisco, uliofunikwa miaka ya 1960. Magari hukimbia sana hapa, kwa hiyo vuka kwenye taa na kundi zima pamoja, hata kama mbele pameonekana peupe.

Chalupa ya Puebla ni tortilla, yaani chapati, ndogo nyembamba ya mahindi. Tazama mikono ya mpishi kwanza. Tortilla inalala kwenye chuma kipana, anaimwagia mafuta ya moto kwa kijiko, anapaka salsa nyekundu au ya kijani, anamwaga tena mafuta hadi salsa ichemke kingoni, ndipo anaweka nyama iliyochambuliwa na kitunguu kilichokatwa. Mafuta yakiwa moto wa kutosha utasikia sauti ya kukaangika wakati salsa inaingia, na tortilla itakuwa laini katikati na kukauka kidogo pembeni. Yakiwa vuguvugu, tortilla huyanywa, na chalupa mbili tu zitakukaa tumboni usiku kucha. Ukiona mpishi amepanga nyingi zilizokwisha kaangwa na zinangoja mteja, hamia kwa jirani.

Agiza sahani moja kwa watu wawili, mchanganyiko wa nyekundu na kijani. Mbili au tatu kwa mtu zinatosha. Zile mara moja, kwa vidole, kwa kukunja.

Kituo cha 3, saa 1:30 usiku: mole, mkiwa mmekaa

Rudini kusini kupitia soko la El Parián kwenye 6 Norte na mwingie mgahawa wa kukaa. Kazi ya kituo hiki ni mbili: kuonja mole poblano, na kupumzika.

Mole ni mchuzi mzito wa pilipili kavu (mulato, ancho, pasilla na mara nyingi chipotle) uliosagwa na lozi, karanga, ufuta, zabibu kavu, ndizi, tortilla iliyokaangwa, mdalasini, karafuu na chokoleti kidogo. Mapokeo ya mji yanasema ulitungwa na watawa wa Santa Rosa, na jiko la nyumba yao, lililofunikwa vigae kuta hadi dari, linaweza kutazamwa mchana. Mwenye mzio wa karanga au ufuta asiguse hata ncha ya kijiko. Hakuna namna ya kuviondoa kwa kuwa vimesagwa pamoja.

Mole iliyopikwa vizuri ina utando mwembamba wa mafuta juu, dalili kwamba viungo vilikaangwa muda wa kutosha kabla ya kutiwa supu. Ladha inaanza na pilipili iliyobanikwa, viungo vinafuata, na utamu unabaki nyuma kabisa. Ikiwa kinachokujia kwanza ni sukari na chokoleti, mpishi ameficha pilipili iliyoungua au hajui kazi. Agizeni sahani moja ya mole na kuku au bata mzinga kwa watu wanne, na tortilla za ziada. Vijiko viwili vya mchuzi kwa kila mtu vinatosha kuielewa.

Julai hadi Septemba, badilisha: agiza chile en nogada. Ni pilipili kubwa ya poblano iliyojazwa nyama ya kusaga (mara nyingi nguruwe na ng'ombe) yenye pea, tufaha na pichi, ikamwagiwa mchuzi mweupe wa jozi mbichi na kupambwa kwa komamanga na majani ya parsley (*perejil*). Msimu huo ndio wa jozi mbichi zinazomenywa moja moja. Mgahawa unaoiuza Februari unatumia jozi kavu, na mchuzi wake hubadilika rangi na kuwa mchungu. Moja inagawiwa watu wanne.

Kituo cha 4, saa 2:30 usiku: mahindi ya kikombe, Los Sapos

Hapa tembeeni polepole. Mtaa wa Los Sapos kwenye 6 Sur una nyumba za rangi, na mwisho wa juma hujaa wauza vitu vya kale. Baa ndogo ya La Pasita, iliyopo tangu 1916 na inayojulikana kwa kileo cha zabibu kavu kinachotolewa na kipande cha jibini, ni ya mchana zaidi. Anayeitaka aende kabla ya ziara.

Kwa kundi, tafuta mwuza esquites: punje za mahindi zilizochemshwa na mmea wa epazote, zikatiwa kikombeni na ndimu, mayonezi, jibini iliyosagwa na pilipili ya unga. Mahindi yao ni yenye punje kubwa, na anayetegemea utamu wa mahindi mabichi ya kuchoma atashangaa, kwani haya yana ladha ya unga zaidi. Kikombe kidogo kwa watu wawili. Mwombe asitie mayonezi iliyokuwa wazi mezani, na pilipili atie kidogo: *poquito chile*. Wengine huchemsha mahindi kwenye supu ya kuku, kwa hiyo asiyekula nyama aulize.

Juu ya pilipili: mwuzaji akikwambia *no pica*, anasema kwa kipimo cha ulimi wake. Weka tone kwenye ncha ya tortilla, subiri nusu dakika, ndipo uongeze. Ukiungua, maji hayasaidii, kwa kuwa kinachochoma kwenye pilipili huyeyuka kwenye mafuta. Lamba malai au jibini.

Kituo cha 5, saa 3:15 usiku: molotes

Elekea magharibi, pita nyuma ya Kanisa Kuu hadi 5 Poniente. Molotes ni chakula cha usiku hasa. Donge la unga wa mahindi linabonyezwa, linajazwa, linakunjwa kuwa refu na kuzamishwa kwenye mafuta, halafu linapakwa salsa na malai. Ndani kuna jibini ya kuvutika, viazi, tinga (nyama iliyochambuliwa na kupikwa kwa nyanya na chipotle), ubongo, au huitlacoche, kuvu jeusi linaloota kwenye gunzi la mahindi. Rangi ya huitlacoche huwatisha wageni, nayo ni tamu kuliko ujazo wote uliotajwa: ina ladha ya uyoga yenye moshi kidogo. Chagua hiyo na ya jibini.

Molote moja kwa watu wawili. Ikatwe katikati kabla ya salsa, mvuke utoke. Ndani jibini huwa bado inachemka wakati ganda limeshapoa, na ndimi nyingi huungulia hapa. Ukiona povu jeusi kwenye mafuta na harufu kali, yametumika mno. Acha.

Mwenye kutaka cemita, mkate wa ufuta wenye nyama ya kukaanga, parachichi, jibini, chipotle na jani la pápalo, aichukue badala ya molote, robo kwa mtu. Vyote viwili havikai kwenye jioni moja. Kwa haki yake, cemita iliwe mchana wa siku nyingine, sokoni El Carmen. Pápalo ina harufu kali inayodumu mdomoni, kwa hiyo onja jani moja kabla ya kuukubali mkate mzima.

Kituo cha 6, saa 4 usiku: tacos árabes

Wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati waliofika Puebla walileta mshikaki mkubwa unaosimama wima, ule wa shawarma, na katika miaka ya 1930 taco hii ikawa chakula cha mji. Nyama ya nguruwe iliyokolezwa hupangwa tabaka na kitunguu, huzunguka mbele ya moto, na hukatwa ikidondokea kwenye mkate laini wa ngano, pan árabe. Tortilla ya mahindi ikitumiwa badala ya mkate, huitwa taco oriental.

Fika wakati mshikaki unazunguka na wateja wako foleni. Nyama nzuri imekatwa nyembamba na ina kingo zilizokauka. Kisu kikifika kwenye nyama iliyo na rangi ya waridi, mpishi anayejali huacha moto uifikie kwanza, na mpishi mwenye haraka huikata na kuimalizia kwenye chuma, ambako inachemka kwa maji yake badala ya kuchomeka. Taco moja kwa mtu, ndimu na salsa ya chipotle.

Kinywaji jioni nzima: juisi ya jamaica (rozela), ya ukwaju, au horchata ya mchele na mdalasini. Soda za gesi hujaza tumbo kabla ya wakati. Maji ni ya chupa tu. Barafu yenye tundu katikati imetoka kiwandani na kwa kawaida ni salama, ile iliyopondwa kutoka kwenye donge kubwa ikatae: *sin hielo*.

Kurudi na asubuhi yake

Ita teksi kwa simu au mwombe mgahawa akuitie, hata kama hoteli iko karibu, maana saa 5 usiku barabara za pembeni huwa tupu. Usilale mara moja, kaa wima angalau saa moja.

Uwe na pakiti mbili za chumvi ya kurudishia maji mwilini, moja kwa lita moja ya maji safi. Tumbo likivurugika, ianze mapema na usile cha mafuta siku hiyo. Ukipata homa, au damu kwenye choo, muone daktari. Maduka mengi ya dawa Meksiko yana chumba cha daktari pembeni, na unaingia bila miadi.